Jiwe Lisilotaka Maji

Tuda alikuwa na vitendawili vingi kuliko mbuzi, na mbuzi wake walikuwa sabini na tatu. Katika mahema yote yaliyo chini ya mlima Bani hapakuwa na mtu aliyewahi kumfunga. Ukimtegea asubuhi, hata chai haijachemka keshakujibu. Akikutegea yeye, utazunguka na mifugo kutwa nzima, jioni urudi umechoka umpe mji.

Lakini heshima yake haikutokana na vitendawili. Ilitokana na macho. Nchi ile mvua haina usawa: yaweza kulilowesha bonde moja mpaka likaota maua, na bonde la jirani likabaki kavu kama kigae. Anayejua mvua imeangukia wapi ndiye atakayekuwa na majani, na mwenye majani ndiye mwenye maziwa. Basi Tuda alikuwa akisimama mbele ya hema lake, anatazama umeme ng'ambo ya mlima, anachomeka kijiti mchangani kuelekea kule ulikopiga, kisha anasema, "Bonde la Tazarti. Si kwingine." Shemeji yake Ider, mkubwa wa ukoo, hakuuliza mara mbili. Aliinuka, na vigingi vikang'olewa.

Siku lilipoanguka lile jiwe ilikuwa mwezi wa tatu, alasiri. Mumewe Basu alikuwa kisimani, Ider na wengine wamefuata ngamia. Tuda alikuwa peke yake, anamkamua mbuzi mmoja mkorofi aliyempa jina la Bi Harusi kwa sababu ya madeko yake. Ghafla kivuli cha mbuzi kikawa vivuli viwili. Tuda akainua kichwa, akaona moto mweupe unakata anga mchana kweupe, nyuma yake moshi umejipinda kama uzi wa sufu unaosokotwa. Akahesabu pumzi. Kisha ukaja mshindo, kama lori la changarawe linamwaga mzigo juu ya mawingu. Bi Harusi akapiga bakuli teke, maziwa yote yakaenda.

"Haya, kunywa wewe mchanga," Tuda akasema, na akafanya alichozoea kufanya. Alichomeka kijiti, akakielekeza pale moshi ulipoishia, kati ya vilele viwili vya Bani.

Jioni akawaambia wenzake, "Limeangukia bonde la Ighirdem."

Habari za moto wa angani hazilali njiani. Siku ya pili wasaka mawe walishafika, na pikipiki, na magari, kila mtu na sumaku yake ameifunga kwenye ncha ya fimbo, wanagusagusa kila kilicho cheusi. Katika nchi ile watu wanaishi kwa mawe ya vimondo kama wengine wanavyoishi kwa tende. Walizunguka Ighirdem siku tatu. Sumaku hazikushika kitu. Siku ya nne wakaondoka, wengine wakinung'unika kwamba wametumwa jangwani na bibi aliyepigwa na jua.

Siku ya kumi na moja, Bi Harusi akapotea. Tuda akamfuata mpaka Ighirdem, akamkuta amelala chini ya mgunga. Kando yake palikuwa na vipande viwili vyeusi, kimoja kama yai la kuku, kingine kama ngumi. Vilikuwa vyeusi weusi wa masizi ya sufuria, wala havikufanana na jiwe lolote la pale.

Sasa, bonde lile halikuitwa Ighirdem, yaani nge, kwa utani. Mtoto wa kule kabla hajajua kutembea sawasawa anajua kwamba jiwe haliokotwi kwa vidole. Tuda hakuwa na sababu ya kuanza upumbavu uzeeni. Alivunja vijiti viwili vya mgunga, akavibana vile vipande kama anavyobana kaa la moto, akavitia katika kitambaa safi cha kufungia mkate. Vilikuwa vyepesi. Vilitoa harufu, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nyumbani, kile kikubwa akakiingiza kwa vijiti vilevile katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaibana kwa kifuniko.

"Unakifungia nini?" Basu akamwuliza.

"Kama kuna nge humo ndani, akae humo humo."

Kile kidogo akaenda nacho sokoni Jumapili, kwa Hammu, mchuuzi wa mawe. Hammu alikuwa amekaa na wenzake kwenye mkeka, birika katikati. Akaleta sumaku. Sumaku ikanusa jiwe, ikaliachia.

"Bi Tuda," Hammu akasema, "hili limekukosea nini hata ukalitembeza njia yote hiyo?"

"Lilianguka siku ile. Nimelitoa Ighirdem."

"Basi tulioshe uso tumwone bwana harusi."

Ndiyo desturi ya pale. Jiwe la kuuzwa huoshwa kwanza, vumbi liondoke, ngozi yake nyeusi ing'ae, mnunuzi aridhike. Hammu akalitumbukiza katika bakuli la maji. Jiwe likatoa povu dogo, likakohoa kama mtu aliyepaliwa, kisha likafumuka. Kabla Tuda hajafumbua mdomo, ndani ya bakuli hapakuwa na jiwe. Palikuwa na tope jeusi.

Mkeka mzima ukaangua kicheko.

"Jamani, mavi ya ngamia yameanguka kutoka mbinguni!"

"Ngamia gani huyo anaruka?"

"Mama Makaa! Mama Makaa, tuletee na ya kuchomea mishikaki!"

Tuda akakunja kitambaa chake, akaondoka. Jina likamfuata. Lilifika kwenye mahema kabla yake.

Angeweza kulivumilia jina. Mwezi wa sita, hata hivyo, umeme ulipiga ng'ambo ya mlima. Tuda akachomeka kijiti, akasema, "Tazarti." Ider akakitazama kijiti, akamtazama Tuda, akakohoa.

"Tusubiri kidogo, shemeji. Nitamtuma mtu na pikipiki akaangalie."

Mtu wa pikipiki alirudi baada ya siku nne: kweli ilinyesha Tazarti, lakini watu wa ukoo mwingine walishafika, mbuzi wao wamejaa bonde zima. Ider hakuomba radhi. Majira yale maziwa yakapungua kila hema. Na umeme ulipopiga tena, hakuna aliyemwuliza Tuda. Waliwasha pikipiki tu.

"Itupe hiyo chupa," Basu akamwambia. "Ndiyo iliyotuletea haya."

"Imekuomba chakula?"

"Tuda, nasema kweli."

"Na mimi nilisema kweli," akajibu, akaisukuma chupa nyuma kabisa ya hema, nyuma ya magunia.

Mwezi wa tisa likaja gari. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, amefunga kitambaa kichwani kama watu wa mjini, viatu vimejaa vumbi. Tuda alikuwa anakanda unga. Akajua: wamekuja wengine kucheka.

"Salamu kwako, mama. Naitwa Yamna. Nafundisha mambo ya mawe chuoni, Agadir. Namtafuta Bi Tuda."

"Tuda amehama."

"Amehamia wapi?"

"Kwenye makaa," Tuda akasema, na kuendelea kukanda.

Yamna hakucheka. Akakaa chini palepale mchangani bila kungoja mkeka. "Jana nilikuwa sokoni. Mchuuzi mmoja akanisimulia kichekesho cha jiwe lililogeuka tope kwenye bakuli. Wenzake walikuwa wanashika mbavu. Mimi nilitaka kulia."

"Ulilie tope?"

"Nililie lile bakuli. Maji yake walishayamwaga." Akafuta uso. "Mama, sikuja kuuliza jiwe. Nakuuliza kwanza: siku ile ulisimama wapi?"

Tuda akaacha kukanda. Miezi sita ile, watu walimwuliza aliokota nini, alikula nini, alilala jua likimpiga wapi. Hakuna aliyemwuliza alisimama wapi. Akainuka na mikono yake ya unga, akampeleka mbele ya hema. Kijiti kilikuwa bado pale. Hakuwa na moyo wa kuking'oa.

Yamna akapiga magoti nyuma yake kama mtu anayeswali, akatoa dira, akaandika. Kisha akatandaza ramani, akaweka mawe kwenye pembe upepo usiichukue. Juu yake palikuwa na mistari miwili ya kalamu nyekundu.

"Huu ni wa dereva wa lori aliyekuwa njia ya mji wa Tata. Huu ni wa mwanajeshi mlinda kituo. Nao waliona moto." Akachora wa tatu, wa kijiti. Mistari mitatu ikakatana mahali pamoja, na Yamna akaweka kidole. "Panaitwaje hapa?"

Tuda hakujua kusoma, lakini milima aliijua hata ikichorwa. "Ighirdem," akasema.

"Ighirdem," Yamna akarudia, akaandika.

Walirudi hemani. Chai ya nanaa ikamiminwa, mkate ukatolewa jivuni, ukapanguswa, ukamegwa. Tuda alikuwa hajasema ndiyo wala hapana juu ya jiwe. Alimpima mgeni kwa kipimo chake alichokizoea.

"Kitendawili!"

"Tega," Yamna akasema, mdomo umejaa mkate.

"Nimewafunga watoto wangu kamba kiunoni, kila siku nawatuma shimoni, wakirudi wanatapika."

"Ndoo za kisimani. Mama, mimi nimezaliwa hemani, baba yangu alikuwa na mbuzi. Nipe kigumu."

Basu, aliyekuwa amekaa pembeni, akacheka. "Leo umepatikana!"

"Nyamaza wewe. Haya mwanangu, tega wewe."

Yamna akashusha glasi. "Bibi yangu ana nywele. Akisogelea moto zinarefuka, akiuacha moto zinakwisha."

Tuda akazungusha glasi yake. Akafikiri mshumaa, akafikiri sufu, akafikiri moshi. Kila alilolishika lilimponyoka. Chai yake ikapoa. Basu alikuwa ameinama mbele kama anatazama mbio za ngamia.

"Nakupa mji," Tuda akasema mwisho.

"Eeh!" Basu akapiga paja. "Nimeishi nikayaona haya!"

"Mji gani?"

"Tata."

"Tata siutaki, ni jana tu nimetoka."

"Nakupa Agadir."

"Hauna hata pa kuegesha gari."

"Nakupa Marakeshi nzima, na kuta zake, na walio ndani."

"Hiyo naichukua." Yamna akasogea karibu. "Ni nyota yenye mkia. Si nyota hasa, ni donge la barafu na masizi, linakaa gizani mbali mno. Likisogelea jua barafu inafuka, ndiyo hizo nywele. Likienda zake, zinakwisha. Watu wametuma vyombo huko kuleta chembe zake, kazi ya miaka na miaka. Lakini yapo mawe machache ya vimondo, meusi, mepesi, yanaoza kwa maji. Na ndani ya machache hayo, mara moja moja, tunakuta punje ngeni, kama zabibu ndani ya mkate. Tunadhani zimetoka kwenye donge kama hilo. Zilinaswa jiwe lilipokuwa linajengwa, kabla dunia haijawa dunia. Nimezitafuta miaka kumi na mbili. Mawe yanayonifikia yameshaoshwa, yameshapigwa sumaku, yameshashikwa na mikono yenye mafuta na samli."

Tuda akafikiri. "Nyumba haina mlango, na ndani analala mgeni."

"Hasa."

"Na mlango wenyewe mkiubisha kwa maji, nyumba inaanguka."

"Mama, wewe ungekuwa mwanafunzi wangu."

"Mimi nilikuwa na mbuzi wa kuchunga," Tuda akasema. Akainuka, akaingia nyuma ya magunia, akarudi na chupa.

Yamna hakuigusa kwanza. Alitazama kupitia kioo, akaizunguka chupa yote. "Nani alilishika?"

"Hakuna. Ighirdem hapashikwi kitu kwa mkono. Nilibana kwa vijiti."

"Kwa vijiti," Yamna akasema polepole. "Sisi tuna koleo maalumu kwa kazi hiyo, zinakaa kwenye sanduku lake. Na wewe vijiti." Akaanza kucheka, kumbe na machozi yanamtoka. Akatoka kwenda garini kuchukua vifaa.

Basu naye alikuwa ameguswa, ingawa yale maneno ya maji na milango yalikuwa yamempita. Mgeni wa heshima amefika hemani kwake, amelia kwa furaha, na kitu chenyewe anachokitaka kimejaa vumbi, mle ndani ya chupa ya zamani. Aibu iliyoje! Akachukua birika la kunawishia wageni, akafungua kifuniko, akainamisha.

Tuda aligeuka akaona mdomo wa birika uko juu ya mdomo wa chupa.

Hakupiga kelele, maana hapakuwa na wakati. Alilipiga lile birika teke kama Bi Harusi alivyolipiga bakuli. Likaruka, maji yakammwagikia Basu kuanzia kifuani mpaka miguuni.

"Umepagawa? Nataka kumsafishia mgeni!"

"Nusura umsafishe mpaka aishe!"

Yamna alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka. Akaona birika linabingirika, akaona jiwe ndani ya chupa, kavu. Akakaa chini. Basu, maji yanamtiririka ndevuni, akawatazama wote wawili.

"Kwani kosa langu nini?" akauliza, na hapo ndipo wakacheka wote watatu mpaka mbuzi wakachungulia.

Yamna alilifunga jiwe katika karatasi ya rangi ya fedha na mifuko miwili. Juu ya karatasi nyingine akaandika siku, saa, mahali, na jina la shahidi. Akamsomea Tuda kila neno. Alipotaka kuzungumza thamani, Tuda akamwambia hayo aongee na Basu akishakauka.

"Mimi niletee jibu. Liwe zuri, liwe baya, njoo ulilete hapa. Ulisemee mbele ya watu."

"Na kama ni labda?"

"Labda nayo ni jibu, ikiletwa."

Zikapita siku arobaini, zikapita sitini. Ukoo ulijua mgeni alikuja, lakini Mama Makaa alikuwa bado Mama Makaa. Ider akipita mbele ya hema alikuwa anatazama upande mwingine. Tuda aliendelea kuchomeka vijiti vyake kila umeme ulipopiga, asimwambie mtu. Alikuwa anavichomeka kwa ajili yake mwenyewe, mikono isisahau.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, siku ambayo tangu alfajiri anga lilikuwa linanguruma, gari likarudi. Ider alikuwa hapo, na wanaume wengine sita, wanabishana kuhusu petroli ya pikipiki. Yamna akawasalimia, akaenda moja kwa moja kwa Tuda, akamshika mikono miwili.

"Mama, nimeleta."

"Sema kwa sauti."

Yamna akageuka. "Jiwe la Bi Tuda limetoka angani. Lilianguka siku ile aliyoisema, mahali pale alipopasema. Wakubwa wa kazi hii duniani wamelikubali, na limepewa jina la mahali lilipoanguka, kama ilivyo kawaida. Katika kitabu cha vimondo linaitwa Ighirdem. Chini ya jina wameandika: lilionwa na Tuda, mke wa Basu."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akauliza, "Lile lililokuwa tope?"

"Ndugu yake lile. Lile tope lilikuwa la zamani kuliko mlima huu, na tukalimwaga."

"Na mgeni?" Tuda akauliza kwa sauti ya chini. "Yumo?"

Yamna akatoa picha. Katikati ya weusi palikuwa na doa dogo, jeusi zaidi, limezungukwa na mstari mwembamba. "Mdogo kuliko ufuta. Udongo wake si wa jiwe lile, na maji hayajawahi kumgusa tangu aumbwe. Anafanana na zile chembe zilizoletwa kutoka kwenye nyota yenye mkia. Anafanana sana, mama. Lakini kufanana si kuwa. Tumepeleka vumbi lake kwa wenzetu sehemu tatu, nao wapime. Kwa hiyo jibu ni labda. Ila ni labda iliyo nzuri kuliko zote nilizowahi kushika."

Tuda akaichukua picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Doa lenyewe lilikuwa kama kitovu cha mtoto. "Karibu mgeni," akaliambia. "Umechelewa, lakini umefika."

Ng'ambo ya Bani umeme ukapiga, mara moja, mara mbili. Tuda akachukua kijiti kwa mazoea tu, akachomeka. Alipoinuka akamkuta Ider amesimama kando yake, kilemba mkononi, anakizungusha kama anatafuta mwanzo wake.

"Shemeji," Ider akasema. Akakohoa. "Ile ya Tazarti..."

"Ile majani yake yameshaliwa, shemeji."

"Najua. Mimi ndiye niliyechelewesha." Akakitazama kijiti. "Hii ya sasa imepiga wapi?"

Wale wanaume sita walikuwa wameacha habari za petroli. Basu aliacha kumimina chai, mkono uko hewani. Tuda angeweza kumfanya ampe mji, angeweza kuikataa miji mitano kabla ya kuchukua wa sita, na kwa kweli wazo lilimpitia na likamchekesha. Lakini mbuzi walikuwa wamekonda, na kule mvua ilikuwa inanyesha wakati wao wanaongea.

"Kitazame kijiti," akasema. "Bonde la Ighirdem, kwenye mgunga ule ule. Na waambie watoto wasiokote kitu kwa vidole. Kikiwa cheusi waniite."

Ider hakuuliza mara mbili. Akafunga kilemba, akapaza sauti, na kigingi cha kwanza kikang'oka. Yamna akakunja mikono ya shati akaenda kusaidia, na Bi Harusi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alishatangulia njiani.